Faulo za Namba Kumi na Nne

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Ligi imeanza leo na mimi nimeanza na hasira, kwa hivyo acha nianze na daftari pia. Huu ni mwaka wa tisa nakaa kwenye meza ya kando ya uwanja wa kikapu hapa mjini Machakos, naandika pointi na faulo. Mambo ya leo sijawahi kuyaona.

Diwani wetu, Mheshimiwa Bartholomew Mutua, anataka ubunge mwezi wa Desemba. Hiyo ni haki yake. Lakini ameamua pia kwamba atachezea Chui, timu ya mji, kwa sababu eti alicheza akiwa chuo kikuu, na kwa sababu ana dishi kubwa juu ya nyumba, anatazama mipira ya Marekani mpaka alfajiri. Ana miaka arobaini na sita na tumbo la mtu anayekaribishwa kila harusi. Amewanunulia vijana jezi mpya, nyekundu. Mgongoni, mahali pa jina la mchezaji, zote zimeandikwa MUTUA NI WETU. Yeye mwenyewe amechukua namba nne. Namba nne ni ya kepteni, na kepteni ni Rodgers. Rodgers amepewa kumi na nne.

Huyu Rodgers nilimfundisha hesabu darasa la tano, na kurusha mpira nilimfundisha mimi, kabla goti langu halijaniacha. Sasa ana miaka ishirini na tatu, anapiga pasi suruali katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ Athi River. Kandarasi yake inaisha Desemba.

Nikamwuliza, "Umempa mtu jezi yako?"

"Ni namba tu, Mwalimu."

"Namba ni namba mpaka mtu akunyang'anye."

Akacheka, akaenda kufunga pointi ishirini na sita. Tulishinda. Mheshimiwa alifunga mbili, na ili azifunge alitembea na mpira hatua tano nzima. Onesmus, refa wetu, wakati huo alikuwa anatazama mawingu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgomo wa walimu umeisha. Watoto sitini na wawili darasani, na wote wamesahau kugawanya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua. Hakuna mechi. Lakini Rodgers alikuja mpaka nyumbani, amelowa chapachapa, na hata chai alisahau kunywa. Kuna benki moja Nairobi iliyo na timu ya kikapu. Wachezaji wao wanaajiriwa hapo hapo benki, wana meza, wana mshahara, wana malipo ya uzeeni. Kocha wao anatafuta kijana wa kuongoza mpira. Watakuja fainali, tarehe ishirini Desemba, kumwangalia.

"Nani amekuambia?"

"Mheshimiwa. Anajuana nao."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikasema moyoni, basi hata huyu mzee na tumbo lake ana faida. Kijana akipata hiyo kazi, mama yake ataacha kuchota mchanga mtoni akiuza kwa lori. Nilimpa muthokoi akala sahani mbili.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike polepole, maana nikiandika kwa haraka nitatoboa karatasi.

Refa akipiga filimbi ya faulo, anakimbia mbele ya meza yetu na kutuonyesha namba kwa vidole. Namba nne ni vidole vinne, mkono mmoja. Namba kumi na nne ni vidole vinne hivyo hivyo, lakini mkono wa pili umekunjwa ngumi. Ngumi ndiyo kumi. Mimi naandika ninachoonyeshwa. Mchezaji akifikisha faulo tano nainua kibao cha namba tano, Winrose aliye kando yangu anagonga kengele, mchezaji anatoka na harudi tena.

Leo Mheshimiwa amemvuta mtu jezi mpaka ikapasuka. Watu wote wameona. Onesmus akaja mezani, vidole vinne, halafu polepole, kama mtu anayekumbuka kitu, akainua ngumi.

Nikamwambia, "Refa, ni nne."

"Kumi na nne, Mwalimu."

Nikaandika. Nilidhani amekosea, binadamu hukosea. Ikawa tena dakika ya thelathini. Vidole vinne. Ngumi.

Jumamosi, 1 Novemba

Si makosa. Leo nimehesabu kwa siri nyuma ya karatasi. Faulo za kweli: Mheshimiwa nne, Rodgers moja. Faulo za karatasi: Mheshimiwa hamkosei hata nzi, Rodgers tano. Rodgers ametoka kipindi cha pili hata hakijafika nusu. Mheshimiwa amebaki uwanjani anapungia watu mkono.

Na mwandiko ni wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi Nzisa, ninayewachapa watoto kwa kunakili majibu ya jirani, naketi pale Jumamosi nikinakili uongo kwa kalamu nyekundu.

Nilimfuata mwenyekiti wa ligi garini kwake. Akasema, "Mwalimu, meza haibishani na filimbi. Sheria unaijua." Ndiyo, naijua. Akapandisha kioo.

Jumatatu, 3 Novemba

Winrose anauza mitumba sokoni. Nimepita kwake leo kumweleza. Alikuwa anakung'uta makoti, hata hakuniangalia.

"Nzisa, mimi nimeona kabla yako."

"Na umenyamaza?"

"Kibanda changu kiko kwa mstari ambao kamati ya diwani inasema utabomolewa. Kibanda cha mwingine kimeshaandikwa X. Changu bado. Sasa unataka niseme nini?"

Nikamwambia woga wake ndio unaolisha watu kama Mutua. Akasema hasira yangu haijawahi kulipia mtoto wake karo. Tukaachana vibaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Uwanja ni bwawa. Watu wanaiita El Nino, wanalitaja jina hilo kama la jamaa aliyehamia mtaani.

Jumatano, 12 Novemba

Barabara ya Kalama imekatika. Mwaitu, mama yangu, amenitumia mbaazi na mtu aliyetembea kwa miguu. Nusu zimeota mizizi ndani ya mfuko.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumekausha uwanja kwa magunia kuanzia saa mbili asubuhi. Mheshimiwa alifika saa nane na kipaza sauti. Faulo zake leo tano. Kwenye karatasi: sifuri. Rodgers katolewa tena.

Baada ya mechi nilimkamata Onesmus akijificha nyuma ya choo, akivua viatu. Onesmus ni mwalimu kama mimi, shule ya ng'ambo ya mto. Tumesahihisha mitihani pamoja, tumekula ugali wa msiba pamoja.

"Onesmus, hiyo ngumi unaitoa wapi?"

Akafungua kamba za viatu vyake kwa muda mrefu. "Mwalimu, mimi nimekuwa naibu miaka kumi na moja. Shule tatu zinatafuta mwalimu mkuu. Unajua nani anapeleka majina."

"Kwa hivyo unamuuza kijana wa watu."

"Kijana mwenyewe amelalamika? Muulize."

Nikamuuliza. Rodgers alikuwa anakausha nywele kwa jezi. Akasema, "Mwalimu, wewe andika tu." Hakuniangalia machoni. Nikadhani ni aibu. Kijana mwenye heshima, nikasema, hataki kubishana na wakubwa. Nikazidi kuwaka kwa niaba yake.

Jumamosi, 22 Novemba

Rodgers tano tena.

Jumamosi, 29 Novemba

Tano. Mheshimiwa amemkanyaga mtu makusudi, akamsaidia kuinuka, akampa kadi ya kampeni. Watu wakapiga makofi. Nchi hii ukimwangusha mtu halafu ukamnyanyua unaitwa mfadhili.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 11 Desemba

Shule zimefungwa. Nimeosha mapazia. Nimewaza kuacha hii kazi ya meza. Kisha nikawaza nikiondoka atakaa nani? Ataketi mtu ambaye hata hatahesabu nyuma ya karatasi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nusu fainali. Tumeshinda kwa pointi tatu, na zote tatu alifunga Rodgers kutoka mbali sekunde kumi kabla hajaonyeshwa faulo ya tano, ambayo si yake. Nimemwona mama yake akiwa amesimama mbali, nguo bado ina mchanga wa mto. Ameniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu amekuwa mkorofi lini?"

Mwanamke yule amemlea mtoto peke yake na leo anaona aibu mbele za watu kwa sababu ya kalamu yangu. Hapo ndipo nilipoamua. Fainali nitaandika ninachokiona. Wanifukuze.

Jumapili, 14 Desemba

Sijaenda kanisani. Mheshimiwa alikuwa anatoa shukrani madhabahuni.

Jumamosi, 20 Desemba

Fainali. Nitaandika yote.

Tulicheza na timu ya Wamunyu, vijana wachonga vinyago. Wana mikono ya kazi, wakishika mpira huwezi kuwapokonya. Jua lilitoka saa saba na uwanja ukakauka. Watu walijaa, labda mia tano, wengine juu ya ukuta. Na chini ya mwavuli mweusi, upande wa pili, walikaa wanaume wawili wenye mashati ya Nairobi. Mmoja alikuwa na kijitabu. Kweli walikuja. Moyo wangu ulidunda kama ni mimi nitakayechaguliwa.

Rodgers alicheza. Sijui niseme nini zaidi. Kipindi cha kwanza alifunga kumi na saba, akagawa mpira hata kwa watu ambao hawakujua wako wazi. Yule wa kijitabu alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Faulo za kweli za Rodgers: moja. Onesmus alinionyesha mbili zaidi, vidole vinne na ngumi, na mara zote mbili nikaandika kwenye mstari wa namba nne. Hakuona. Mheshimiwa, kwa kuhesabu kwangu, alikuwa na tatu, maana moja Onesmus alikuwa amemwonyesha mwenyewe, bila ngumi.

Mapumzikoni Winrose aliinama akaona karatasi. Hatukuwa tumesalimiana tangu ile siku ya sokoni.

"Utanifanya nifunge kibanda," akasema.

"Hamia upande ule. Sema hukuona."

Hakuhama.

Kipindi cha pili, dakika ya sita, Mheshimiwa akasukuma mtu. Ngumi. Nikaandika nne. Dakika ya tisa Wamunyu walikuwa mbele kwa pointi moja, na kijana wao mmoja, Mutiso, akapita kando ya Mheshimiwa kama vile amesimama. Na kweli alikuwa amesimama. Mheshimiwa akamchapa kiwiko cha mdomo. Damu ikatoka. Uwanja mzima ukasema "aii" kwa sauti moja. Onesmus akaja mezani, uso umemjaa jasho. Vidole vinne. Akasita. Akainua ngumi.

Nikaandika. Nikachukua kibao cha namba tano. Nikamwambia Winrose, "Gonga."

Akagonga kengele. Tena aligonga kwa nguvu, mara tatu, mpaka watu wa ukutani wakanyamaza.

Nikasimama na goti langu bovu. "Namba nne. Faulo ya tano. Anatoka."

Upande wa Wamunyu wakaanza kupiga makofi, halafu hata wa kwetu, watu wa mji, wauza ndizi, makuli, wakapiga. Mheshimiwa alitabasamu kwa meno yote. "Mwalimu, miwani umeacha nyumbani?" Onesmus akainua tena ngumi, juu zaidi, kama mtoto aliyejua jibu. Nikasema, "Refa, mimi nimeona kwa macho yangu, na hawa wote wameona. Kama unataka kumtoa kijana, mtoe wewe kwa mdomo wako, taja jina lake."

Onesmus akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nakwambia, ewe daftari, nilikuwa nimeshinda. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa nimeshinda.

Zamani, tulipokuwa tunacheza sisi, mtu akifanya faulo aligeukia meza na kuinua mkono, ili kila mtu ajue ni yeye. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha Rodgers akiwa mtoto, kwenye kiwanja cha mchanga cha shule: mtu mwenye heshima hukubali kosa lake.

Rodgers aligeukia meza akainua mkono. Aliunyoosha juu kabisa, kila mtu akauona, na wale wawili chini ya mwavuli wakauona.

"Ni yangu, Mwalimu," akasema. "Na zile zingine. Andika."

Onesmus akasema haraka, "Mchezaji mwenyewe amekubali." Mwenyekiti wa ligi akafika mezani, akachukua kalamu yangu, akakata niliyoandika na kuyahamisha kwenye mstari wa kumi na nne, akanitaka nitie sahihi. Nikatia. Ningefanya nini? Rodgers alikuwa ameshakaa benchini na taulo kichwani.

Tulishindwa kwa pointi mbili. Wale wa Nairobi waliondoka zikiwa zimebaki dakika tano.

Jumapili, 21 Desemba

Rodgers amekuja. Nilimwacha amesimama mlangoni kwa muda kabla sijamwambia aingie. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini.

"Mheshimiwa aliniambia mwezi wa kumi. 'Wewe nibebee hizi, mimi nitakubeba mpaka Nairobi.' Alisema watu hawapigii kura mtu anayetolewa uwanjani. Nikakubali."

"Tangu mwezi wa kumi?"

"Tangu ile ya kwanza."

Basi miezi miwili nimeungua bure. Nimegombana na Winrose, nimemwita Onesmus muuzaji wa watu, kumbe bidhaa ilijiuza yenyewe. Nilimtukana Rodgers. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisikiliza yote, halafu akasema, "Mwalimu, wewe uko na kazi. Uliajiriwa ukiwa na miaka ishirini na moja. Mimi kandarasi yangu inaisha tarehe thelathini na moja. Nikikataa faulo tano za mzee mmoja nipate heshima, hiyo heshima nitampikia mama?"

Bado nina hasira naye. Lakini usiku niliona nina hasira zaidi na yule aliyemwekea bei hiyo.

Jumanne, 23 Desemba

Jana simu ilipigwa ofisini shuleni, mlinzi akaja kuniita. Benki ile inaomba nakala za karatasi za mechi zote za Chui, kwa sababu mimi ndiye ninayezitunza. Kumbe bado wanamtaka! Nimezipeleka kwa basi la asubuhi, pamoja na barua ya kurasa nne. Nimeeleza kila kitu: ngumi, namba nne, ahadi. Nimeweka na hesabu zangu za nyuma ya karatasi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Winrose ameleta chapati. Kibanda chake kimeandikwa X.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ya saa tano nzima, matope mpaka kwenye vifundo. Mbele yangu vijana wawili wa Chui na zile jezi nyekundu.

Jumatano, 31 Desemba

Ameshinda. Magari yanapita yakipiga honi. Onesmus amekuwa mwalimu mkuu.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Barua imefika leo. Nimeisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nyumbani.

Wanashukuru kwa ushirikiano. Wanasema kijana ana kipaji ambacho hawajakiona kwa miaka mingi. Lakini timu yao haiwezi kuajiri mchezaji anayetolewa kwa faulo mechi sita mfululizo, kila mara kabla kipindi cha pili hakijafika nusu. Mtu wa namna hiyo, wanasema, hajui kujizuia, na kwenye benki wanahitaji watu wanaojizuia. Wamemchukua mwingine.

Rodgers alikuja jioni. Hakuwa na kazi ya kwenda sasa, kandarasi hawakuiongeza. Alikuwa ameenda kwa Mheshimiwa mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza aliambiwa arudi kesho. Mara ya pili aliambiwa Mheshimiwa yuko Nairobi, anaapishwa. Leo mlinzi alimuuliza jina, akaingia ndani, akatoka akasema hajulikani.

Nikampa barua. Aliisoma kidole kikifuata mistari, kama alivyokuwa akisoma darasa la tano. Akafika katikati, akasimama.

"Lakini hazikuwa zangu," akasema.

"Najua."

"Mwalimu, waandikie. Wewe unajua kuandika. Waambie zilikuwa za mzee, zote, mimi nilikuwa na moja moja tu."

"Niliwaandikia, Rodgers. Kurasa nne. Kabla ya Krismasi."

"Na wamesema nini?"

Nikamgeuzia karatasi upande wa pili, nikamwonyesha mstari wa mwisho, na alipokataa kuusoma nikamsomea mimi: kwamba maelezo ya Mwalimu wameyapata, lakini wao walikuwa uwanjani siku hiyo, na walimwona kijana mwenyewe, kwa macho yao, akiinua mkono.